KUKIMBIA ALFAJIRI NA KUSINZIA JIONI: NAMNA GANI KUPATANISHA MAMBO HAYA MAWILI?



Sisi tunaoandika ni wanafunzi tisa wa kalasi ya mwisho, kipande cha biolojia na kemia. Sita kati yetu ni wakimbiaji wa alfajiri. Watatu hawakimbii hata kidogo, na mmoja wao anasema kukimbia bila kufukuzwa na mbwa ni wazimu. Lakini wote tisa tulifanya kazi hii pamoja.

Kila mtu wa interna anakumbuka ile usiku ya siku ya tatu, wakati blanketi ya mwenzetu ilishika moto ndani ya dortware. Mwenzetu yule aliamka saa 10 ya alfajiri kwa kukimbia. Alifanya masomo yote ya mchana. Aliingia etidi saa 1 ya usiku, na mbele ya nusu saa kupita kichwa chake kilikuwa juu ya kaye. Nyuma ya etidi aliona haya, kwa sababu mazoezi ya hesabu yalikuwa bado. Akawasha mushumaa pembeni ya kitanda, akaanza kuandika. Usingizi ukamshika tena, na mushumaa ukaanguka. Tunashukuru Mungu kwamba ndoo ya maji ya kunawa ilikuwa karibu. Vilivyoungua ni blanketi moja, kaye mbili, na ngozi kidogo ya mkono wake. Ingeweza kuwa watu.

Kesho yake Bwana Prefe alituita sisi wakimbiaji wote. Alisema neno fupi: ama mbio, ama masomo. Hatukuwa na jibu. Tuliomba tu juma nne, tupate kuchunguza jambo hili sawasawa kama watu wa biolojia. Bwana Prefe alikubali kwa sharti moja: kile tutakachoona, tukiandike katika gazeti, hata kama kinatuhukumu sisi wenyewe. Basi, hii ndiyo kazi yenyewe.

1. TUHESABU KWANZA

Mbele ya kusema maneno mengi, tuchukue biki na tuhesabu. Mkimbiaji wetu wa zamani aliamka saa 10 ya alfajiri. Etidi inaisha saa 3 ya usiku. Toka saa 10 ya alfajiri mpaka saa 3 ya usiku ni saa ngapi? Ni saa 17. Mtu huyu amekuwa macho saa 17 bila kufunga jicho.

Je, saa 17 ni kitu gani? Mwaka 2000, wachunguzi wawili wa Australia, Williamson na Feyer, walitoa kazi yao juu ya watu waliokaa macho muda mrefu. Waliwapima namna wanavyojibu haraka na namna wanavyofanya kazi bila kosa. Kiisha wakalinganisha matokeo hayo na yale ya mtu aliyekunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mpaka 19, katika majaribio mengine, anafanya kazi sawa na mtu mwenye pombe 0,05 kwa mia ndani ya damu, ao vibaya kuliko yeye. Katika inchi nyingi za Ulaya, mtu mwenye pombe ya kiasi hicho haruhusiwi kuongoza motokari.

Wapendwa, shule yetu haikubali hata tone moja la pombe. Na hata hivyo, kila jioni tunaingia etidi kama walevi, na tunashangaa juu ya nini logaritimu hazieleweki.

Tuhesabu tena. Mtu akizima mushumaa saa 5 ya usiku, akaamka saa 10 ya alfajiri, amelala saa 5. Waganga wanaochunguza usingizi, katika shauri walilotoa Marekani mwaka 2016, wanasema kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji saa 8 mpaka 10 kila usiku. Tukitwaa ile ndogo kabisa, yaani 8, mwenzetu anakosa saa 3 kila usiku. Toka siku ya kwanza mpaka siku ya tano ni saa 15. Ni deni. Na mwenye kudai deni hili hana huruma: anakuja kulipwa katika etidi, katika entero ya fizika, na siku ya Mungu ndani ya kanisa wakati wa mahubiri.

2. MWILI UKO NA NGUVU MBILI

Juu ya nini tunasinzia saa fulani, na saa ingine hatusinzii? Mwaka 1982 mtaalamu mmoja wa Uswisi, Alexander Borbély, alieleza jambo hili kwa namna nyepesi. Alisema kuna nguvu mbili zinazofanya kazi pamoja.

Nguvu ya kwanza ni uzito wa usingizi. Tangu dakika unapoamka, uzito huu unaanza kukusanyika, sawa vile maji ya mvua yanavyojaa ndani ya pipa. Moja ya vitu vinavyokusanyika ndani ya ubongo ni kitu kinachoitwa adenozini. Kadiri unavyokaa macho, ndivyo kinavyoongezeka. Ukilala, pipa linamwagwa. Lakini ukilala saa 5 tu, pipa halimwagwi lote. Unaamka na maji yangali ndani, na siku mpya inaongeza yake.

Nguvu ya pili ni saa ya ndani ya mwili. Jambo hili si hadithi. Munajua lile jani dogo la porini linalojifunga ukiligusa kwa kidole. Mwaka 1729, Mfaransa mmoja jina lake de Mairan alichukua mmea wa namna ile na kuuweka mahali penye giza, pasipo jua kabisa. Aliona majani yanaendelea kufunguka wakati wa mchana na kufunga wakati wa usiku, ingawa hayakuona mwangaza. Maana yake mmea uko na saa yake ndani. Na sisi watu tuko nayo vilevile. Mwaka 2017, wataalamu watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa zawadi ya Nobel kwa kueleza namna saa hiyo inavyotembea ndani ya seli. Walichunguza kainzi kadogo kanakoruka juu ya matunda yaliyoiva sana.

Saa hii ya ndani inatushusha chini kabisa wakati wa saa 9 mpaka saa 11 ya alfajiri. Inatushusha kidogo tena nyuma ya chakula cha mchana, karibu saa 7 mpaka saa 9. Lakini jioni, toka saa 11 mpaka karibu saa 2, inatupandisha. Wakati ule joto la mwili liko juu, na saa ya ndani inashindana na ule uzito wa pipa ili tusianguke. Nyuma yake, giza likiisha kuingia, ubongo unatoa kitu kinachoitwa melatonini, chenye kutangaza kwamba usiku umefika. Kwa vijana wa umri wetu tangazo hili linachelewa kuliko kwa watoto wadogo. Ndiyo maana mdogo wako analala mapema juu ya mkeka, na wewe ungali unapiga masimulizi.

Hapa kuna neno tulilolishangaa sana, na tunaomba mulishike. Kijana aliyelala vya kutosha haiko rahisi asinzie saa 1 ya usiku, kwa sababu hiyo ni moja ya saa zake nzuri. Basi, kama unasinzia mwanzoni mwa etidi, usiseme: "Ni kawaida, usiku umeingia." Sema: "Niko na deni."

3. USINGIZI UNAMFANYIA MWANAFUNZI KAZI GANI?

Wengine kati yetu walifikiri kwamba kulala ni kupoteza wakati. Wanasema: "Nitalala nyuma ya Egzeta." Tutazame mifano miwili.

Mwaka 1924, wachunguzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, Jenkins na Dallenbach, waliwapa wanafunzi wawili kazi ya kujifunza silabi zisizo na maana. Mara ingine wanafunzi wale walijifunza, kiisha wakalala. Mara ingine walijifunza, kiisha wakaendelea na kazi zao za mchana. Muda ulikuwa sawasawa. Waliposhikwa mtihani, walikumbuka mingi zaidi walipokuwa wamelala. Tangu wakati ule wataalamu wengi wameendelea na uchunguzi huu, na wanaona kwamba wakati wa usingizi ubongo unapanga na kukaza yale tuliyojifunza. Basi, mwenye kusoma na kulala anavuna. Mwenye kusoma bila kulala anapanda mbegu juu ya mwamba.

Mfano wa pili ni wa mwanafunzi wa shule ya sekondari kama sisi. Jina lake Randy Gardner, wa San Diego, miaka 17. Toka mwezi wa 12 wa mwaka 1963 mpaka mwezi wa 1 wa mwaka 1964, alikaa macho saa 264, yaani siku 11, kwa kazi ya maonyesho ya sayansi. Siku ya mwisho walimwambia atoe 7 kwa 100, atoe 7 tena, na kuendelea hivi. Akasema 93, 86, 79, 72, 65. Halafu akanyamaza. Walipomwuliza juu ya nini amesimama, alijibu kwamba amesahau kazi aliyokuwa anafanya. Hii ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi! Akili yake haikupotea. Ilikuwa imechoka tu. Musijaribu kumwiga.

Na kama munataka mfano wa zamani zaidi, musome Matendo ya Mitume sura ya 20. Kijana Eutiko alikaa dirishani wakati Paulo alipokuwa anafundisha mpaka usiku wa manane. Usingizi ulimshinda, akaanguka toka orofa ya tatu. Mule ndani kulikuwa taa nyingi, na mwalimu alikuwa Paulo mwenyewe. Basi, wala taa nyingi wala mwalimu mzuri haviwezi kushinda usingizi uliofika. Tunasema hivi kwa wale wanaofikiri kwamba tukipata taa ingine ya jua katika sale ya etidi, shida itakwisha.

4. JE, MBIO NDIZO ZENYE KOSA?

Sasa tufike kwenye shitaka lenyewe. Tulifungua kaye moja. Kila asubuhi kila mmoja wetu aliandika saa aliyolala na saa aliyoamka. Kila jioni mmoja wetu alikaa nyuma ya sale na kuandika nani ameinamisha kichwa.

Juma la kwanza hatukubadilisha kitu. Hatukupata hata jioni moja bila mtu kulala. Tulitazamia kuona majina ya wakimbiaji sita peke yake. Lakini tuliona kitu kingine. Kati ya wale watatu wasiokimbia, wawili walisinzia sawa na wakimbiaji. Na wao waliamka saa 10, si kwa kukimbia, lakini kwa kurudilia mabuku chini ya blanketi na toshi. Na kati ya wakimbiaji sita, mmoja hakusinzia kabisa. Tulipomtazama, tukakuta kwamba yeye analala saa 3 na nusu bila kujali kelele, na watu wote wanamcheka kwa jina la "kuku."

Basi, tuliona kwamba miguu si mwenye kosa. Mwenye kosa ni ile saa ya kuamka ikishirikiana na ile saa ya kulala.

Dada zetu wa interna ya wasichana walipopata habari ya kaye yetu, walituma neno. Walisema: "Na sisi tunaoamka saa 10 na nusu kwa kuchota maji, mumetuhesabu?" Hatukuwahesabu. Tunaomba musamaha. Na wenzetu wa externa wanaotoka vilimani walisema vilevile: wao wanatembea zaidi ya saa moja mbele ya kengele. Shirika la Afya la Dunia, katika shauri lake la mwaka 2020, linasema vijana wa miaka 5 mpaka 17 wanahitaji, kwa wastani, dakika 60 za mwendo wa nguvu kila siku. Mwenye kupanda mlima na ndoo kichwani ao na mabuku mgongoni amekwisha kulipa dakika zake. Haifai aone haya kwamba hakimbii.

Kwa upande mwingine, hatutaki mutupilie mbali mbio. Mazoezi yanatia moyo nguvu, yanafungua mapafu, na wataalamu wanakubali kwamba mtu anayefanya mazoezi anapata usingizi mzuri zaidi. Tena mwangaza wa asubuhi unasaidia saa ya ndani kushika njia yake. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua linatoka karibu saa 12 mwaka wote. Mwenye kukimbia saa 10 na nusu anakimbia ndani ya giza na baridi: hapati mwangaza, haoni mashimo ya njia, na anaingia katika ile saa ambayo mwili uko chini kabisa. Anapoteza usingizi bila kupata faida kubwa.

Tutazame wakimbiaji wakubwa wa Kenya, kama wale wa kambi ya Kaptagat alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, mshindi wa maratoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021 kule Japani. Wanatoka asubuhi mapema, kweli. Lakini usiku wanalala mapema, na mchana wanapumzika tena. Sisi tuliiga asubuhi yao, hatukuiga usiku wao.

5. DAWA ZISIZOPONYESHA

Kafe. Inchi yetu inalima kafe nzuri, na wengi wanakunywa kopo nzima mbele ya etidi. Kafeini haiondoi uchovu. Inaziba tu mlango ambao adenozini inapitia kusema "nimechoka." Pipa linaendelea kujaa, wewe tu husikii. Tena, kwa watu wengi, nyuma ya saa 5 nusu ya kafeini ingali ndani ya mwili. Ukiinywa saa 1 ya usiku, saa 6 ya usiku nusu ingali inatembea. Unakosa usingizi, kesho unatafuta kafe ingine, na deni linaongezeka.

Basini ya maji baridi. Kutia miguu ndani ya maji baridi kunaamsha mtu dakika chache. Kiisha usingizi unarudi.

Bukari ya kilo mbili. Chakula kizito sana kinasaidia usingizi. Hatusemi mulale na njaa. Tunasema tu: yule anayeshindana kumaliza sahani ya wenzake asilaumu etidi.

Kulala mpaka saa 6 ya mchana siku ya mapumziko. Inapunguza deni kidogo, lakini inaisukuma saa ya ndani nyuma. Usiku wa siku ya Mungu hupati usingizi, na siku ya kwanza unaamka kama mgonjwa.

Mushumaa kitandani. Juu ya hii hatuna haja ya kueleza. Blanketi iliyoungua tumeitundika nyuma ya mlango wa dortware, ili kila mtu aione.

6. KILE TULICHOJARIBU

Juma la pili tulibadilisha jambo moja tu: hakuna mtu kati yetu aliyeruhusiwa kuamka mbele ya saa 11. Mbio zilianza saa 11 na robo, zikaisha mbele ya saa 12. Juma lile vichwa viliendelea kuanguka, lakini vilianguka nyuma, karibu na mwisho wa etidi.

Juma la tatu tuliongeza jambo la pili: kila mtu kitandani saa 3 na nusu ya usiku, bila mushumaa. Hii ilikuwa vita. Wawili walilia kwamba watashindwa entero ya kemia. Tuliwaambia wajaribu siku tano tu. Juma lile tulipata jioni tatu bila mtu kusinzia. Wale wawili hawakushindwa entero; mmoja alipata zaidi ya siku zote, mwingine alipata sawa na zamani, lakini anasema aliandika bila kichwa kuuma.

Juma la ine tuliongeza jambo la tatu: dakika 20 za kulala nyuma ya chakula cha mchana, wakati ule ambao saa ya ndani inashuka yenyewe. Mwaka 1994 shirika la NASA la Marekani lilitoa ripoti juu ya marubani wa safari ndefu. Waliruhusiwa kupumzika dakika 40 katika kiti, wakalala karibu dakika 26, na nyuma yake walikuwa macho zaidi kuliko wenzao wasiolala. Kama rubani mwenye watu mingi nyuma yake anasaidiwa na usingizi mfupi, na sisi wenye logaritimu utatusaidia. Lakini musipite nusu saa. Mtu anayelala saa nzima anaamka mzito, na usiku hapati usingizi. Mmoja wetu alilala zaidi, akachelewa somo la Kifaransa, na alilima shamba la shule kwa azabu. Kosa lilikuwa lake.

Kaye yetu si kazi ya wataalamu. Tulikuwa watu tisa tu, na juma nne ni kidogo. Tena ilikuwa ngumu kwetu wakimbiaji: tulizoea mbio ndefu za giza, na sasa tunakimbia muda mfupi. Mmoja wetu anasema anajisikia amefungwa mguu. Lakini yule aliyeungua mkono, ambaye anatafuta Egzeta kwa sababu mama yake aliuza mbuzi mbili ili alipe mitihani, alisema neno tunaloliandika kwa ruhusa yake: "Nilikuwa nakimbia ili nikuwe na nguvu ya kusoma. Halafu nilikuwa na nguvu ya kukimbia tu."

7. MASHAURI YETU

Kwa wanafunzi:
a) Anza kuhesabu toka saa ya kuamka, urudi nyuma saa 8. Hapo ndipo saa yako ya kulala. Ukitaka kuamka mapema, ulipe upande wa jioni.
b) Kimbia mara tatu kwa juma: siku ya pili, siku ya ine na siku ya posho. Siku zingine lala mpaka kengele ya saa 11 na nusu.
c) Kama unapenda mbio ndefu, uzifanye siku ya posho nyuma ya masomo, ao jioni saa 10 mvua isiponyesha. Wakati ule mwili umepata joto, na misuli inafanya kazi vizuri.
d) Anza etidi na somo gumu. Nusu saa ya kwanza ina bei kuliko saa ya mwisho.
e) Ukiona macho yanafunga, simama, tembea mpaka mlangoni, rudi. Yakifunga tena, kubali: mwili umesema. Nenda ulale, kesho uamke na kichwa kizima.
f) Hapana mushumaa kitandani. Hapana, hapana, hapana.

Kwa wakubwa wa shule, tunaomba kwa heshima mambo mawili. La kwanza: etidi ianze saa 12 na nusu, iishe saa 2 na nusu, na taa zizimwe saa 3 na nusu. Mwenye kuamka saa 11 atamaliza etidi akiwa macho saa 15 na nusu, si saa 17. Tunajua kwamba hii inaomba chakula cha jioni kiwe tayari saa 11 na nusu. Kwa hiyo sisi tisa tunajitolea kupasua kuni za jikoni kila siku nyuma ya masomo, muda wote uliobaki wa mwaka. Itakuwa mazoezi pia. La pili: zamu ya kuchota maji ya alfajiri ihamishwe jioni, na wavulana waingie katika zamu pamoja na dada zetu. Haifai sisi tulale saa 8 juu ya mgongo wa wengine.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jana usiku ulilala saa ngapi? Leo asubuhi uliamka saa ngapi? Fanya hesabu, usijidanganye.
2. Deni lako la juma hili ni saa ngapi?
3. Juu ya nini kijana mwenye usingizi wa kutosha hasinzii saa 1 ya usiku?
4. Toa 7 kwa 100 mpaka mwisho, kwa kichwa tu, wakati etidi inaanza. Fanya tena wakati etidi inaisha. Wapi umechelewa zaidi?
5. Katika kalasi yako, nani anaamka mapema kuliko wote, na kwa kazi gani? Umemwuliza?

Bwana Prefe amesema atatoa jibu lake siku ya posho, mbele ya shule yote. Akikataza mbio, tutatii. Akiziacha, tutakutana siku ya pili saa 11 na robo mbele ya kapela, si mbele ya hapo. Mwenye kufika mapema atarudishwa kitandani.

Kaye yenyewe iko juu ya meza ya biblioteki. Mafasi mingi ingali tupu, na biki imefungwa na kamba. Kila mtu, mvulana ao musichana, wa interna ao wa externa, aandike saa zake.

Tuwatakie usiku mwema.

Sisi wanafunzi tisa wa kalasi ya mwisho, biolojia na kemia